Zamu ya Munkoyo

Maneno haya nilielezewa na Victorine, mujane ya Kasonde, sergent ya polisi, mu mwaka wa 1971, wakati tulikuwa tunaikala chini pa matanga ya bwana yake, hapa Kampemba. Kasonde alikuwa na desturi ya kumuelezea kazi yake yote. Lakini mwisho wa hii habari, Victorine aliusikia kwa kinywa cha mwanamuke mwenye alikuwa ndani yake. Naandika sawa alivyosema.

Ilikuwa mwaka wa 1957, Élisabethville, wakati wa baridi. Moniteur Alphonse Mukuka alikuwa anafundisha mu masomo ya juu ya bainfirmiers na bakunga. Siku ya Mungu, ku nyumba yake, alikunywa munkoyo, kinywaji ya uji na mizizi, kiisha akaanza kutapika. Bakamupeleka hôpital, macho yamegeukia juu. Kesho yake aliweza kufungua kinywa, na neno lilitoka la kwanza ni jina ya mutu.

"Régine," alisema. "Ni Régine alinitilia sumu."

Régine alikuwa étudiante yake, mutoto ya Kongolo, alibakisha kidogo tu apate diplôme ya bukunga. Bakamufunga. Siku ya tatu asubui Commissaire, muzungu, alimuitia Kasonde ndani ya bureau.

"Ule mwanamuke anaenda ku parquet, kwa procureur, leo nyuma ya saa sita. Andika haraka, umalize."

"Ndiyo, Commissaire. Nitamaliza."

Kasonde alifungua mulango ya boloko yeye mwenyewe. Régine alikuwa anaikala juu ya sementi. Robe yake nyeupe ya masomo ilikuwa ingali na matone ya munkoyo ku kifua, yamekauka.

"Yambo, mwana yangu."

"Yambo, baba sergent. Umekuya kunipeleka?"

"Bado. Nani alimupa moniteur kopo?"

"Ni miye."

"Nani alichuja ile munkoyo?"

"Ni miye."

"Na sumu?"

"Si miye." Alifuta pua na mukono ya robe. "Na niko nasikia vibaya kwa kuwa si miye."

Kasonde alimuangalia kidogo, akaendelea. "Siku ya Mungu bantu banaenda ku misa. Weye ulienda kufanya nini kwa moniteur?"

"Zamu."

"Zamu ya nini?"

"Baba sergent, kila siku ya Mungu moniteur anachagua. Bavijana banapasua kuni, banalima shamba yake. Siye banamuke tunafua, tunapika. Kiisha jioni anasema: bote muende, fulani abakie, tutarudilia somo." Aliinamisha kichwa. "Mi nilikataa kubakia. Ile mwezi, points yangu ya conduite, ya tabia, ikaanguka, na stage yangu ya maternité, ya kujifunza kuzalisha, akaifuta. Directeur ananiita: Régine, ju ya nini unaharibika? Ningejibu nini?"

"Ungejibu kweli."

"Simone alijibu kweli. Simone iko wapi?"

"Simone gani?"

"Alikuwa mbele yetu. Alipata mimba, akamutaja moniteur. Moniteur akaapa, akaleta bashahidi. Banamufukuza Simone kwa conduite mbaya, banamupandisha train ya Sakania. Sawa mufuko wa chumvi, baba. Hakuna hata mutu alimusindikiza."

 Kasonde mwenyewe alizaliwa upande ya Sakania. Kiisha akauliza neno lingine kabisa.

"Unajua kutengeneza munkoyo?"

Régine alicheka, kicheko ya mutu mwenye hakulala. "Kwetu Kongolo hakuna ile kintu. Mara ya kwanza kuonja, niliuliza hii uji ya nani imeoza."

"Lakini ulichuja. Ilikuwa namna gani, nzito ao mwepesi?"

"Mwepesi. Ilipita mu kitambaa yenyewe, bila kukamua."

"Bila kukamua."

"Sawa mayi ya muchele. Ju ya nini unauliza?"

"Ju kwetu tunaikunywa," Kasonde alijibu, akafunga mulango.

Inje, ku baraza ya commissariat, kijana mumoja murefu alikuwa amesimama na mufuko mukononi. Alipomuona Kasonde, alitoa kofia.

"Sergent, mufungue ule mwanamuke. Munifunge miye."

"We ni nani, unataka boloko sawa mwenye njaa anataka bukari?"

"Clément. Mi pia ni étudiant. Mizizi ya munkoyo, ni miye nilichimba." Akafungua mufuko. "Moniteur alinituma porini, kule nyuma ya Luano. Hii njo ilibakia."

Kasonde alitoa muzizi mumoja, akaukwaruza na kucha, akanusa. Mara moja akauweka mbali na uso.

"Clément, we ni mutu ya wapi?"

"Ya Kasai, sergent."

"Nilijua. Mutu ya Kasai anachimba munkoyo! Uliona wapi?"

"Mi naijua mu kopo, mu bulongo siijui. Nilimuambia moniteur. Akasema: intellectuel mubaya, kuya nikuonyeshe. Akachora jani ku tableau, pembeni ya tumbo ya mwanamuke mwenye mimba, ile ya somo. Akaniambia: jani ya namna hii. Kule porini, sergent, majani yote ni ya namna ile."

"Ungekataa."

"Niko na examen mwezi kesho, na ni yeye anasahihisha." Akasukuma mufuko karibu na Kasonde. "Nimekuya kusema tu kweli. Sikutaka kumuua. Kumuchukia, ndiyo. Kila mumoja pale anamuchukia. Lakini Régine hana kosa. Andika."

Mupolisi mwingine angeandika. Habari ilikuwa tayari: kijana hajui miti, anakosa muzizi, moniteur anagonjwa. Kasonde alishika kalamu, kiisha akaiweka chini.

"Twende ku jikoni ya boloko."

Kule jikoni aliomba unga ya mahindi. Yeye mwenyewe akapika uji, akaipoza na mayi kidogo, sawa mama yake alifanya. Akamupa Clément kinu.

"Twanga. Mizizi yako yote. Tena funika pua."

Clément akatwanga, jasho inatoka. Kasonde akazamisha nyuzi za muzizi mu uji, akafunika, akaikala juu ya kisanduku. Bafungwa ya jikoni balikuwa banachungulia.

"Sergent amekuwa mwanamuke ya munkoyo," mumoja alinongona.

"Na weye utakunywa ya kwanza," Kasonde alimujibu. Bakakimbia.

Balingoja mupaka saa uji ingepaswa kugeuka. Munkoyo, kwa mwenye haijue, njo iko hivi: muzizi ya kweli inavunja uji, ile uzito yote inaisha, inakuwa mayi tamu. Kasonde alifunua. Akasimamisha kijiko katikati. Kijiko kikabakia kimesimama.

"Unaona?"

"Naona uji," Clément alisema.

"Nani atakunywa hii?"

"Hakuna mutu."

"Hata bafungwa. Na Régine alichuja munkoyo mwepesi, inapita mu kitambaa yenyewe. Basi muzizi ya kweli ilikuwa ndani." Kasonde akachomoa kijiko. "Na moniteur aligonjwa. Basi yako pia ilikuwa ndani. Mizizi mibili pamoja. Weye ulikosa. Mutu mwingine hakukosa."

Clément alikuwa anatazama ile sufuria. "Lakini mutu mwenye aliongeza ya kweli, labda hakujua yangu ni mubaya?"

"Umeinusa weye?"

"Inanuka sawa... sijue. Mubaya."

"Kwetu mutoto mwenye hajaanza kutembea muzuri, banamunusisha ile muzizi, banamupiga kofi, ili asisahau. Mutu mwenye kuwa na munkoyo ya kweli mu nyumba, ni mutu ya kwetu. Na mutu ya kwetu hawezi kutwanga hii bila kujua." Akafunika sufuria na kitambaa, akaifunga na kamba. "Bakia hapa, chunga hii. Mutu asiiguse."

Nyumba ya moniteur Mukuka ilikuwa na mapazia ku madirisha na meza ya kulia na viti yake, sawa ya bazungu. Bibi yake, Martine, alifungua mbele Kasonde hajapiga hodi. Alikuwa amevaa kilamba yake ya kanisa, na blauzi, na kitambaa ya kichwa mupya. Kifurushi chake kilikuwa juu ya kiti, kimefungwa.

"Yambo, mama Martine."

"Yambo, baba. Nilikuwa nakuya kwenu."

"Nimekutangulia. Unipe mayi ya kunywa."

Martine alileta kopo. Mbele ya kumupa, alikunywa kidogo yeye mwenyewe, kiisha akapiga magoti, akamupa. Kasonde alikunywa yote, akarudisha kopo.

"We ni wa Sakania," alisema.

"Ulijua namna gani?"

"Umeonja mbele ya kunipa. Hapa mujini banamuke banasahau. Moniteur pia unamuonjea hivi?"

"Nilimuonjea mupaka alipopata carte yake ya évolué, ile bazungu banapa mutu mwenye amestaarabika. Siku ile akaniambia: usinionjee tena, ile ni mambo ya bushenzi, Directeur atatucheka. Akanikataza hata mbele ya mama yangu." Martine aliangalia kopo tupu. "Basi siku hizi mwenye iko na zamu njo anamupa, na hakuna mutu anaonja."

Kasonde aliingia ku jikoni bila kuomba. Juu ya moto, ku miti ya dari, kulikuwa mizizi imefungwa na kamba ya ganda la muti, imekauka na moshi. Ilikuwa mizizi ya munkoyo ya kweli. Kifungu kimoja kilikuwa kimepunguzwa.

"Hii ilitoka wapi?"

"Sakania. Simone alichimba, akanitumia ku train."

Kasonde aligeuka polepole. "Simone mwenye alifukuzwa?"

"Mudogo wangu. Baba mumoja, mama mumoja." Martine hakulia. "Mi njo nilimuleta hapa, baba. Nilimuambia: kuya usome, shemeji yako ni moniteur, atakuchunga. Siku za Mungu jioni, nilikuwa hapa jikoni nawasha moto, nasikia somo inarudiliwa mu chumba yangu. Nilifikiri ni somo! Kiisha tumbo ikaonekana. Mbele ya Directeur, bwana yangu akaapa ku Biblia, akasema Simone ni malaya. Akanitazama, nikubali. Ningekataa angenirudisha kwetu, na miye na Simone tungekula nini? Nikakubali."

"Mama Martine."

"Siku ya Mungu ule Clément akaleta muzizi. Nilinusa nikiwa ku mulango. Nikasema—"

"Mama Martine!" Kasonde aliinua mukono. "Sikukuuliza ile. Mi niko hapa kuuliza neno moja tu. Batoto ya masomo banafanya kazi mu hii nyumba, ao habafanye?"

Martine aligeukia ile mizizi ya dari.

"Jibu."

"Banafanya. Kila siku ya Mungu."

"Na jioni, mumoja anabakia?"

"Anabakia."

"Utasema mbele ya Directeur?"

"Nitasema mbele ya Directeur, na Monseigneur, na mama ya Mukuka." Kiisha akauliza polepole: "Na ule Régine? Nilifikiri bwana yangu atakufa, nani angemushitaki mutu? Alipofungua macho akamutaja yeye, sikulala. Njo juu ya ile nilifunga kifurushi."

"Ifungue. Vaa kilamba ya kila siku. Na ile mizizi ya Simone, uitie mu moto."

Martine aliishusha kifungu kwa kifungu, akaitia ku moto. Kasonde alisimama pale mupaka ikashika.

Ku hôpital, moniteur Mukuka alikuwa ameikala juu ya kitanda, pyjama ya mistari, na mito mibili mugongoni. Daktari alikuwa amesema anaweza kurudi nyumba. Directeur ya masomo, muzungu ya ndevu nyekundu, alikuwa ku dirisha. Kasonde aliingia na Clément nyuma yake, amebeba sufuria. Martine akabakia ku mulango.

Mukuka aliona sufuria akakunja uso. "Sergent, umeniletea chakula? Mi nilifikiri saa hii ule muchawi iko parquet."

"Nabakisha maneno mabili tu, moniteur."

"We ulisomea mupaka wapi? Troisième primaire?"

"Ya pili."

"Inaonekana. Uliza."

"Ile munkoyo ilitoka wapi?"

"Régine aliileta. Cadeau." Akamugeukia Directeur, akasema ile neno tena na Kifaransa. "Nilikuwa nimemupa points mbaya. Alitaka kulipiza."

"Alitengeneza wapi?"

"Nitajua? Kwao ku dortoir."

"Clément," Kasonde aliita, "mizizi nani alichimba?"

"Ni miye. Kule nyuma ya Luano. Moniteur alinituma."

"Uongo!" Mukuka alipiga kitanda. "Ule mutoto ya Kasai iko na mambo yake na ule mwanamuke!"

"Alichora jani ku tableau," Clément alisema, hakumuangalia. "Classe yote iliona. Na Monsieur le Directeur aliingia, akauliza."

Directeur aliacha dirisha. Alikumbuka. Alikuwa ameingia mu classe, akaona jani pembeni ya tumbo ya mimba, akauliza ni nini. Moniteur Mukuka alikuwa amemujibu: *Une plante médicinale des indigènes, Monsieur le Directeur.* Na Directeur alikuwa ameiandika mu barua, ju ya kuipeleka kwa bantu ya Bruxelles.

"Ulisema ni dawa," alisema.

Mukuka alivuta shuka mupaka ku kifua.

"Mama Martine," Kasonde alisema, "siku ya Mungu nani anafanya kazi mu nyumba yako?"

Martine aliingia hatua moja. Alisema yote: kuni, shamba, kufua, na jioni. Hakupandisha sauti. Alipofika ku jina ya Simone, Mukuka alipayuka: "Nyamaza, mwanamuke!" Directeur akamuambia yeye: "Nyamaza weye."

Victorine alinifasiria hapa, na mi naweka: Directeur hakukasirika juu ya batoto. Alikasirika juu ya kudanganywa, yeye, na juu ya ile barua ya Bruxelles. Lakini hasira ni hasira. Kasonde hakuomba ingine.

Akavuta kiti karibu na kitanda.

"Moniteur, kuko njia mbili. Kama unasema sumu, nitapeleka neno ku parquet. Procureur ataita étudiantes bote, mumoja mumoja, aulize walifanya nini kwako siku ya Mungu, na jioni. Ataita hata mwenye iko Sakania, na mutoto yake mugongoni, bantu baangalie ule mutoto anafanana na nani."

Mukuka alimutupia Directeur jicho.

"Na ya pili?"

"Ya pili: ulimutuma mutu ya Kasai achimbe munkoyo, akakosa muzizi. Hakuna sumu. Hakuna mwenye kosa isipokuwa mwenye alituma. Utatia mukono, Directeur atashuhudia, Régine atatoka leo."

"Ni ile," Mukuka alisema haraka. "Muzizi. Bahati mbaya."

"Unaamini vile?"

"Naamini! Lete kalamu."

Alitia mukono. Directeur akasoma, akatia yake, akakunja karatasi.

"Kesho usikuye ku masomo," alimuambia Mukuka. "Wala kesho kutwa. Na ile carte yako, nitaandika ku Territoire, ku serikali, waione tena." Akavaa kofia, akatoka. Clément pia akatoka, na Martine akaenda kumungoja bwana yake ku baraza.

Babili balibakia peke yao. Kasonde alifungua kamba ya sufuria. Akaacha Kiswahili, akasema na luga ya kwao, ya upande wa Sakania, ile Mukuka pia alinyonya nayo.

"Moniteur, ile ya siku ya Mungu ilikuwa mwepesi?"

"Mwepesi. Tamu sana. Nilikunywa makopo mabili." Mukuka alikuwa anapangusa jasho. "Umepata yako, sergent. Unataka nini tena?"

"Angalia. Hii ni mizizi ya Clément, peke yake."

Akasimamisha kijiko katikati ya uji. Kikasimama.

Mukuka alitazama kijiko. Alikuwa amelelewa ku mutungi ya munkoyo, hakuna mutu angehitaji kumuelezea. Uso wake ukawa sawa majivu. Aliangalia mulango, pale Martine alikuwa anaonekana mugongo, anafunga muzuri kitambaa chake.

"Directeur!" aliita. "Monsieur le Directeur!"

"Ameenda na karatasi," Kasonde alisema. "Imeandikwa bahati mbaya, na ni weye umetia mukono." Akabeba sufuria. "Vaa suruali. Bibi yako amekuya kukurudisha nyumba."

Jua lilikuwa halijafika ku saa ya parquet. Kasonde alifungua boloko.

"Toka, mwana yangu. Imekwisha."

"Ni nani?" Régine aliuliza.

"Muzizi."

"Muzizi tu?" Alisimama pale ku mulango, robe yote vumbi. "Na Mukuka?"

"Hatafundisha tena."

Régine alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Kiisha macho yake yakawa makali. "Ni kidogo, baba sergent."

"Haijaisha," Kasonde alisema. "Enda ukalale."

Régine alilala mu dortoir na viatu ku miguu, benzake bamemuzunguka banamupepea. Clément, bakamukuta amelala juu ya meza, kichwa juu ya kitabu ya examen. Kasonde alikula sombe ya Victorine, akamuelezea mupaka pa kijiko, akasinzia mbele hajanawa mikono.

Ku nyumba ya Mukuka, Martine alisonga bukari, akapika samaki na nyanya. Akatandika meza na viti yake, sawa siku zote, akaweka sahani ya bwana yake na kopo ya mayi. Jua lilikuwa bado ku mapazia.

Mukuka hakugusa. Alikuwa na njaa ya siku tatu.

"Onja kwanza," alisema.

Martine alimuangalia na heshima yote.

"Tata, ulinikataza. Ulisema ni bushenzi."

"Onja, nakuambia!"

"Directeur atatucheka."

Akachukua sahani yake mwenyewe, akaenda jikoni, akakula huko ku sufuria ingine, pole pole, akanawa. Alipita karibu na meza, akamutakia usiku mwema, akaingia mu chumba. Haikupita muda, Mukuka akasikia anakoroma, kulala ya mutu mwenye alibeba mzigo mbali na ameutua. Yeye alibakia pale mbele ya samaki, mafuta inaganda. Akasogeza sahani. Akairudisha karibu, akanusa, akasogeza tena. Kopo ya mayi hakuithubutu. Giza likaingia, hakuwasha taa. Mwisho kichwa chake kikashuka juu ya meza, pembeni ya bukari yenye kupoa, na njaa yake yote, akalala.